Salamu Nilizozimeza kwa Ajili ya Mchunga

Mume wangu aligeuka manjano katikati ya palizi, na katika mwaka mzima hakuna wakati mbaya zaidi wa kugeuka rangi. Shamba la kijiji lilikuwa limegawanywa ngwe kwa ngwe, kila nyumba na vipande vyake vya kupalilia, na mtu asipoonekana shambani mwenyekiti wa kijiji alitaka sababu anayoweza kuiona kwa macho. Yetu ilionekana. Weupe wa macho ya mume wangu ulikuwa umekwenda zake, na mahali pake pamekuja rangi ya bizari.

"Umekula nini?" nilimwuliza.

"Ulichopika."

"Na mimi nimekila hicho hicho. Mbona mimi si manjano?"

"Wewe unabishana na kila kitu," alisema, akajilaza tena. "Hata ugonjwa umekuogopa."

Tulikuwa tunakaa kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mikumi, na hatukukichagua. Mimi nilikulia sokoni Kilosa, ambako nilijua kupunguza bei kabla sijajua kusoma. Yeye ni mtu wa Kidete, kijiji cha relini, seremala wa mikono mizuri na maneno machache. Baada ya kuoana tulijenga bondeni, karibu na maji, majirani wakiwa mbali kiasi cha kutosha tusisikie ugomvi wao. Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Lori likatubeba sisi, kitanda, randa zake na mbuzi mmoja, likatushusha kwenye mistari ya nyumba iliyonyooshwa kwa kamba. Mkutanoni tuliambiwa kijiji kina nyumba mia moja. Nilihesabu mara mbili, nikapata themanini na sita, na nne kati ya hizo zilikuwa nguzo tu. Kule bondeni tulikotoka kukawa kunaitwa mahameni, na kurudi kule bila ruhusa likawa kosa.

Nilimpeleka zahanati. Mganga wa zahanati alimvuta kope la chini, akatazama, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia mpaka mume wangu akasema neno ambalo halisemwi zahanati.

"Ini," mganga alisema.

"Dawa?"

"Mama, hili halina kidonge. Apumzike. Asiguse pombe wala mafuta. Mpe maji ya sukari kwa wingi."

"Sukari yenyewe iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa darasa lingine. Hapo Kidodi, si mbali, malori yalikuwa yakibeba miwa mpaka yanalala upande, na sisi kwenye duka la kijiji tulikuwa tukipimiwa sukari kwa kijiko, tena kijiko chenyewe kikikung'utwa ukingoni. Nilirudi nyumbani na mgonjwa wangu, ushauri, na hasira.

Majirani walikuja kumtazama. Mmoja alisema ni pombe. Mume wangu hanywi. Mwingine alisema ni maji ya kisima kipya. Sote tulikuwa tunayanywa. Wa tatu alisema ni kuhama, kwamba ini halipendi kuhamishwa kwa lori, na huyo angalau alisema kwa sauti ya chini.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anakaa bibi mmoja wa milimani, Mwanglikana hasa, wa kufunga macho hata kwa kuombea uji. Hakuwa mganga. Ukimwita mganga alikununia. Alisema yeye anajua majani tu, na mizizi kidogo, kama mwanamke yeyote aliyelea watoto mahali ambapo hospitali iko nyuma ya mlima wa tatu. Alikuja, akamtazama mume wangu macho, akanusa pumzi yake, akatoka nje.

"Mchunga," aliniambia.

Nilitaka kucheka. Mchunga kila mtu anaujua. Unaota shambani bila kualikwa, majani marefu yamelala chini, ua la njano, ukiukata unatoa maziwa meupe yanayonata vidoleni. Tunaupika na karanga, na hata hivyo una uchungu wa kusogeza masikio.

"Si majani," bibi alisema. "Mizizi. Ya zamani, minene kama kidole hiki cha mwisho. Saba kwa chungu kimoja, chungu kimoja kwa siku mbili. Na si huu ulioota jana."

Hapo ndipo kicheko kilipokufa. Kwa sababu kwenye ngwe zetu, na za jirani upande wa kushoto, na robo ya za jirani wa kulia, haukubaki mchunga hata mmoja. Nilikuwa nimeupalilia wote mwenyewe. Nilirudia mstari kwa mstari, nikachimba mizizi mpaka chini, nikaianika juani ife kabisa, na bwana shamba alinisimamisha mkutanoni wanipigie makofi. Sasa nilizunguka shamba lote la kijiji na jembe begani nikitafuta nilichokiua. Nilipata michunga kumi na mmoja, yote mizizi yake kama uzi.

"Mahameni," bibi alisema nilipomletea nyuzi zangu. "Kule ndiko uliko wa maana. Nenda alfajiri, chimba umande ukiwa bado. Na ukishang'oa wa kwanza, usimwamkie mtu njiani wala usimwitikie, mpaka maji yachemke."

"Hata mkubwa?"

"Hata askofu."

"Nikiitikia?"

"Umeigawa dawa. Uliyemsalimu ameondoka na nguvu yake, mgonjwa wako anakunywa maji ya moto."

Nilijaribu kupunguza. Mimi hata mvua ningeweza kuiomba ishuke kidogo. "Nikiinama tu, bila kusema?"

"Kuinama ni kusalimu."

"Nikitabasamu?"

"Wewe mtoto, unataka mume au unataka punguzo?"

Nilitaka mume. Lakini nilijua alichokuwa ananiomba. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima njiani bila shikamoo. Bora umpite bila nguo, atasema umepatwa na jambo. Mimi na ulimi wangu wote sikuwahi kuruka shikamoo hata moja.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda vizuri. Mahame yetu yalikuwa yamejaa nyasi, ukuta wa jiko umeanguka, na mahali nilipokuwa namwagia maji machafu mchunga umenenepa kama umelipiwa. Nilichimba mizizi saba, nikahesabu tena ikawa saba, nikaifunga kwenye pembe ya kanga, nikaanza kurudi mdomo umefungwa. Nilikutana na watu wawili nikajificha kichakani. Nilikuwa nimebakiza mwendo mdogo sana kufika nyumbani, kwenye kona ambayo haina kichaka, ndipo nikamwona mama mkwe wangu.

Sikujua kwamba anakuja. Mtu mmoja wa reli alikuwa amemfikishia habari kwamba mwanawe amekuwa njano, naye akapanda treni Kidete mpaka Kilosa, akapata lori mpaka Mikumi, akamaliza kwa miguu, kuku mmoja kwapani. Alikuwa amesimama mbele yangu, vumbi mpaka magotini, ananisubiri.

Ningeweza kumpita? Ndiyo. Nimeshapiga hesabu ile mara nyingi, na kila mara jibu ni kwamba ningeweza. Lakini magoti yalijikunja yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mume wako yuko hai?"

"Yuko hai mama."

Na huku naongea nilikuwa naihisi ile mizizi kwenye kanga inavyokuwa mboga ya kawaida.

Nilitaka kunyamaza kuhusu hilo, nakiri. Niliitia chunguni, nikakoleza moto. Bibi akaja, akanitazama mara moja. "Umemwitikia nani?" Nikaona nikidanganya nitakuwa nadanganya ini la mtu mwingine. Nilimwambia. Akachukua chungu kwa vitambaa viwili, akakipindua nje ya mlango. Mizizi saba, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, ikabaki ikitoa mvuke kwenye mchanga, kuku wa mama mkwe akiikagua.

"Ilikuwa dawa gani?" mama mkwe aliuliza.

Nilifungua mdomo, bibi akadakia. "Dawa haitajwi jina mpaka mgonjwa apone."

"Hilo hukuniambia," nilimnong'oneza.

"Hukuuliza."

Mama mkwe aliingia ndani kumwona mwanawe. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekwisha kata shauri. "Namchukua. Kesho tunakwenda Kidete."

Hapa lazima nieleze hofu yangu, vinginevyo nitaonekana mwanamke mwenye wivu tu. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na hatuna mtoto. Kaka yake mume wangu, naye bila mtoto, alikuwa amepelekwa Kidete kuuguzwa mguu. Mguu ulipopona, alikuwa na mke mwingine, na yule wa kwanza aliletewa habari pamoja na masufuria yake. Hakuna aliyemfanyia ubaya, walisema. Alikuwa mbali tu. Nami nilijua kwamba mume wangu akipanda lori lile akiwa njano na dhaifu, atakuwa ndani ya nyumba ya mama yake, na mimi nitakuwa mbali tu.

"Siku kumi na nne, mama," nilisema.

"Kesho."

"Hawezi kutikiswa na lori. Ini lenyewe limevimba. Siku kumi na mbili."

"Kesho kutwa basi, apumzike."

"Kumi."

"Siku tatu."

"Mama, dawa yenyewe chungu kimoja ni siku mbili. Utampimaje mtu kwa chungu kimoja na nusu? Nane."

Alinitazama. Na yeye alikuwa ameuza samaki wa mto kwenye madirisha ya treni maisha yake yote, na treni haisubiri. Alijua wapi pa kusimama. "Saba," alisema. "Leo ikiwemo. Siku ya saba macho yake yakiwa bado bizari, anakwenda."

Leo ikiwemo. Nilijilaumu kwa hilo jioni nzima. Alinipiga siku moja mchana kweupe, mbele ya kuku.

Siku ya pili nilijifunza njia mpya, ya kuzungukia mtoni. Nilichimba saba, nikaja kimya. Nikatokea barabarani uso kwa uso na mwenyekiti wa kijiji akiwa na mgeni kutoka wilayani, mtu wa viatu, anayeonyeshwa maendeleo.

"Ndugu," mwenyekiti alisema kwa furaha, "hujambo? Huyu ndiye yule mama wa palizi niliyekueleza."

Mgeni alikuwa na mvi. Alisimama kama watu wanavyosimama wakisubiri shikamoo. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu, nikapita.

"Ndugu!"

Nikaongeza mwendo. Nyuma yangu nilimsikia mgeni akiuliza, "Ndivyo mnavyowaelimisha?" Masikio yalikuwa yanawaka, lakini mizizi ilikuwa salama. Maji yalichemka, bibi akakagua uso wangu, akatikisa kichwa kukubali, na mume wangu akanywa bakuli la kwanza. Alikunja sura mpaka macho yale ya njano yakapotea.

"Mke wangu," alisema, "kama unataka kuniua, kuna njia tamu."

Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Niliitwa ofisini. Ofisi ilikuwa banda la nyasi lenye meza aliyoitengeneza mume wangu mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa na makosa mawili kwenye karatasi: kudharau uongozi, na kutoka mahameni na jembe alfajiri, yaani narudi kujenga kule kisirisiri.

"Nilifuata dawa ya mume wangu."

"Dawa gani?"

Ninyi oneni pale nilipokuwa. Nikitaja, ini linapotea. Nisipotaja, mimi ni mpinzani wa vijiji. "Dawa," nilisema.

"Ina jina?"

"Inalo."

"Na mbona hukusalimu?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

Aliandika hilo. Niliiona kalamu yake ikisita. Si mtu mbaya. Alikuwa amefedheheshwa mbele ya mgeni, na mtu aliyefedheheshwa lazima apate kitu cha kurudi nacho nyumbani. Akasema ngwe nne za ziada. Nikasema nusu. Akasema nne. Nikamweleza kwamba zangu ndizo zilizopigiwa makofi, na kwamba mkono uliochoka unapalilia mahindi pamoja na magugu. Tukafika mbili. Lakini kuhusu mahameni hakushuka hata kidogo. "Huendi tena kule peke yako. Uende na mtu mzima anayeaminika, ashuhudie kwamba hujengi."

"Nani?"

"Mimi," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amenifuata. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. "Nitakwenda naye mimi. Na salamu nitaitikia mimi. Hata kwetu mchimba dawa hasemi. Mlidhani ni nini?"

Nilimshukuru kwa moyo wote, na hilo ndilo kosa nililolifanya. Siku zote mtu anapokupa kitu kabla hujaomba, geuza uone upande wa chini.

Siku ya nne tulitoka pamoja. Njia ya kwenda tuliongea vizuri kuliko siku yoyote tangu niolewe. Alinieleza mume wangu alivyokuwa mtoto, alivyokuwa akichonga treni kwa mti wa mpapai. Mume wangu alikuwa amekunywa siku mbili, alikuwa amekula uji wote jana yake, na asubuhi ile nilimvuta kope nikaona, au nikataka kuona, mstari mwembamba mweupe karibu na pua. Nilimweleza mama mkwe kuhusu mstari ule. Na yeye alikuwa ameuona. Nilikuwa nashinda, na nilijua.

Tukafika mahameni. Nikainama, nikachimba, nikang'oa mzizi wa kwanza. Kuanzia hapo mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Mama mkwe aliinama pembeni yangu, akashika jani, akalivunja, akatazama yale maziwa meupe.

"Huu?" alisema. "Hii ndiyo dawa? Mchunga?"

Nilimtazama tu.

"Mchunga," alirudia. "Mwanangu! Kwetu Kidete kando ya mto Mkondoa umejaa mpaka mlangoni. Jikoni kwangu ukitoka unaukanyaga. Mizizi kama mkono wa mtoto. Nikiupalilia ng'ambo unarudi huku." Akainuka, akajipangusa mikono, na nikaona uso wake unavyofanya hesabu, kwa sababu mimi pia ninao uso wa namna hiyo. "Sasa mgonjwa anayetakiwa kunywa mchunga anafuata nini hapa, ambapo mchunga unaombewa ruhusa?"

Nilikuwa na majibu sita. Niliyahesabu palepale, yalikuwa sita. La kwanza, kwamba tulikubaliana siku saba. La pili, lori. La tatu, kwamba anapona hapa hapa. Mengine matatu yalikuwa makali zaidi. Yote yalinijaa kinywani kama ugali wa moto, na mizizi ilikuwa mkononi mwangu, na nyumbani kulikuwa na mstari mmoja mweupe karibu na pua ya mtu.

Nilitikisa kichwa kwa nguvu.

"Nzi," mama mkwe alisema. "Ndiyo, ni wengi huku."

Nikapiga mguu chini.

"Mwiba? Pole." Akatangulia. "Maana mimi nilifikiri ni dawa ya huku tu, ndiyo nikakupa siku saba. Kama ningejua ni mchunga! Basi kesho tunampeleka. Au unasemaje?"

Alisimama, akageuka, akanisubiri niseme. Alisubiri kwa adabu kabisa. Nilimtazama mpaka macho yakauma.

"Umenyamaza," alisema kwa upole. "Basi umekubali. Nilijua una akili."

Njia ile ya saa nzima sijawahi kuiona ndefu kiasi kile, na nimewahi kutembea Kilosa mpaka Mikumi na ndizi kichwani. Alitangulia hatua tano mbele yangu, akipokea salamu za dunia nzima kwa niaba yangu. Tulikutana na wanawake watatu wa mtoni. "Marahaba, marahaba. Mwacheni huyu, yuko kwenye dawa. Ndiyo, namchukua mwanangu Kidete kesho. Mkewe amekubali. Si mnamwona? Hana neno." Tukakutana na mwalimu wa shule na baiskeli. "Marahaba mwalimu. Amekubali, ndiyo. Mkamwana mtulivu sana huyu." Mwalimu alinitazama kwa mshangao mkubwa, kwa sababu alinifahamu. Tukakutana na mwenyekiti mwenyewe, naye akampongeza mama mkwe kwa kunifundisha adabu.

Watu kumi na wanne. Kila mmoja aliondoka na neno kwamba nimekubali.

Nilikuwa na uwezo wa kusema "hapana." Neno moja. Nilitembea nikilipima. Upande huu neno moja na mume anabaki, lakini chungu kinapinduliwa, na siku ya tano inapita bila dawa, na ya sita sijui kama nitaruhusiwa kwenda. Upande huu kimya, na anakunywa. Nilijaribu kila namna ya kupata vyote viwili. Nimeishi kwa kupata vyote viwili. Siku ile hapakuwa na namna. Nilipofika kwenye kona ile isiyo na kichaka, nilikuwa natokwa machozi ya hasira tupu, na mama mkwe akamweleza mtu wa kumi na tano kwamba ni moshi wa dawa, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Niliosha mizizi. Nikaitia chunguni. Nikakaa mbele ya maji yale kama mtu anayesubiri treni ya mizigo. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mbele yangu, mikono magotini, ananisubiri. Alijua. Hakuwa na haraka, alikwisha uza.

Maji yakachemka.

Niliyapa nafasi ya kuchemka vizuri, povu mpaka ukingoni. Halafu nikafungua mdomo, na yale majibu sita hayakuwepo hata moja. Mtu mmoja unaweza kubishana naye. Kumi na watano waliokwisha sikia huwezi, wala huwezi kuzunguka nyumba themanini na sita ukigonga milango kusema ulikuwa umebeba mizizi.

"Siku kumi na nne," nilisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Siku ya kumi na tano awe hapa."

"Tena tunarudi kwenye kumi na nne," mama mkwe alisema. "Arobaini. Ini si kidole."

"Ishirini."

"Thelathini, na nitamleta mwenyewe mpaka Mikumi."

"Thelathini," nilisema, "na arudi kama alivyokwenda."

"Manjano?"

"Mama unajua ninachosema."

Alitazama chungu. "Nimekusikia," alisema. Nami sikuwa na njia ya kumdai zaidi ya hapo, kwa sababu nilikuwa na ngwe mbili za ziada na sikuwa na ruhusa ya kusafiri, na mume wangu, alipoulizwa, alisema angependa sana kulala mahali ambapo hakuna anayemhesabia siku alizolala. Hilo lilinichoma kuliko yote. Lakini alimaliza bakuli.

Kesho yake walimpandisha lori la Mikumi, juu ya magunia ya mahindi. Ilikuwa siku ya tano. Siku mbili zangu za mwisho hazikurudishwa, na nimekwisha kuacha kuziuliza.

Nilipalilia. Nilipalilia ngwe zangu, na zake, na mbili za adhabu, na kila mchunga nilioukuta niliuacha umesimama katikati ya mahindi, bwana shamba aseme atakavyo. Alisema. Sikumjibu, na hiyo peke yake ilimtia hofu. Watu wakanipongeza kwa utulivu niliokuwa nao siku ile njiani. Siku ya thelathini nilikwenda Mikumi, nikasimama kando ya barabara tangu asubuhi. Hakuja. Ya thelathini na moja hakuja. Ya thelathini na mbili bibi wa milimani aliniambia nisiende, nikaenda. Siku ya thelathini na nne sikwenda, nilikuwa nafua.

Alitokea mwisho wa mstari wa nyumba, anatembea taratibu, mfuko begani. Alikuwa amenenepa shavuni. Nilimwendea, nikamshika kidevu, nikavuta kope moja, nikavuta la pili. Meupe. Mpaka leo mganga wa zahanati anasema ni mapumziko, bibi alikufa akisema ni vyungu vyangu viwili, na Kidete nzima inasema ni mchunga wa Mkondoa. Nimebishana na wote watatu na sijashinda hata mmoja.

Nilimwachia kope. Halafu nikachungulia juu ya bega lake, njia yote aliyotoka, mpaka kule inakopinda.

"Unamtafuta nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu," nilisema. "Ingia ule."